Mfugaji wa Samaki Wasioliwa

Amefariki kule Ihembe mwanamke aliyefuga samaki wasioliwa. Habari nilipewa kwa simu na muuza nguo wa Nyaishozi, nikiwa nachagua maharage ya mbegu. Alisema kwa ufupi tu kwamba mama yetu wa samaki hatunaye, kifua kimemshinda, mazishi ni kesho saa nane. Wasomaji wangu wa siku nyingi wanajua mimi si mwepesi wa machozi, lakini siku hiyo maharage niliyaacha kwenye ungo mpaka kuku wakayamaliza, na mke wangu hakunigombeza.

Wazazi wake walitoka Burundi, wakavuna kahawa ya watu mpaka wakapata kishamba chao. Yeye aliolewa, akafiwa na mume, akabaki na binti mmoja na migomba. Kwa kuwa migomba haikutosha, akawa anafua mashuka katika nyumba ya wageni mjini Kayanga. Pale mapokezi palikuwa na tangi la kioo lenye samaki wekundu wa mapambo, na siku mwenye nyumba alipochoka kuwatunza, alimwambia akawamwage. Hakuwamwaga. Aliwatia kwenye ndoo, akapanda bodaboda, akaikumbatia ndoo mpaka Ihembe. Alijenga mabirika mawili ya saruji nyuma ya jiko, samaki wakazaana, na miaka michache baadaye maduka na nyumba za wageni, pamoja na ile iliyowakataa, wakawa wateja wake. Majirani walicheka wakiuliza ni samaki gani hawa hata mchuzi hawana. Nami nilicheka, tena kwa maandishi, katika safu hii. Alinitumia salamu kwamba maua nayo hayaliwi, ila ameyaona yamepandwa mlangoni kwangu.

Nilikwenda kuomba radhi, nikamkuta na msiba mwingine. Samaki walikuwa wamepatwa na chawa, vidudu bapa vyenye ukubwa wa punje ya ulezi, vinavyong'ang'ania ngozi na kunyonya damu. Walijikuna kwenye kuta za birika mpaka magamba yakatoka. Duka la dawa za mifugo lilikuwa na dawa za ng'ombe na kuku, basi. Hapo ndipo mimi, mtoto wa mfugaji, nilipojifanya daktari. Pembezoni mwa migomba yake, kama ilivyo kwenye mashamba mengi ya huku, alikuwa amepanda kile kichaka chenye maganda ya manyoya tunachokitegemea kufukuza fuko. Marehemu baba yangu alikuwa akitwanga majani yake na kuwapaka mbuzi, kupe wakadondoka. Nikamwambia kinachoua kupe hakiwezi kushindwa na chawa. Aliniamini, kwa sababu nilikuwa mtu wa gazeti. Tulitwanga kapu zima, tukakamulia kwenye birika kubwa, kisha nikarudi zangu nyumbani nikitembea kwa maringo. Jua halijafika utosini, samaki wote wa birika lile walikuwa wanaelea.

Sisi watu wa milimani tunaujua mti ule kwa fuko na kupe. Muuza nguo, ambaye ukoo wake ni wa Tanga, aliposikia alishika kichwa. "Kwetu huo ni utupa," akasema. "Watu huutwanga wakitaka samaki walewe, wawaokote kwa mkono." Kumbe sumu ya samaki tuliipanda wenyewe uani, tukaiita dawa kwa sababu mbuzi hawakulalamika.

Mimi ningeyavunja yale mabirika. Yeye alikwenda kununua daftari la shule. Birika dogo lilikuwa bado na samaki, nao wana chawa vilevile, akajiwekea sheria: samaki mmoja kwanza, ndani ya beseni, maji safi yakiwa tayari kando. Alianza na omubirizi, yale majani machungu tunayokunywa kwa homa. Samaki hakufa, wala chawa hakufa. Kitunguu saumu kiliwalegeza chawa wachache, maji yakanuka vibaya. Ndipo muuza nguo alipomwagizia kwa dada yake Tanga majani makavu ya muarobaini. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Kipimo cha kwanza kilikuwa kikali, samaki akalala ubavu. Alimhamishia kwenye maji safi akafufuka. Akapunguza nusu, akapunguza tena nusu, mpaka siku moja aliwakuta chawa wamedondoka ndani ya beseni na samaki anaomba chakula. Hata hapo hakushangilia. Alijua mayai ya chawa yamebaki kutani, akasugua birika, akaliacha tupu likauke juani, akarudia dawa. "Majani ni nusu ya kazi," aliniambia. "Nusu nyingine ni kukaa na kuangalia."

Maneno hayo nimeyafikiria sana, kwa sababu tuna watu wa aina mbili siku hizi. Wapo wanaoapa kwamba jani haliwezi kudhuru kwa kuwa ni la asili, na wapo wasomi wanaokunja pua wakiona jani lolote. Wote ni wavivu. Utupa ni wa asili, na samaki wetu walikufa vizuri tu. Mwanamke aliyeishia darasa la saba aliwashinda wote hawa kwa kupima na kuandika. Nami nilimsifu hapa gazetini wakati ule, nikasimulia na vifo vya samaki, nikaandika kwamba alikuwa "ameshauriwa vibaya na mtu". Mtu! Naona aibu kulirudia neno hilo.

Baada ya mazishi, ukoo ulikaa. Shemeji wa marehemu alitaka mabirika yavunjwe, mahali pake ipandwe migomba, na binti aliyekuwa akimsaidia mama yake kazi ile aachane nayo. Binti alileta daftari kuonyesha kwamba anaijua. Shemeji akalifungua, akasoma kwa sauti: "Birika kubwa. Majani ya fuko, kapu moja. Wamekufa wote. Kosa langu, sikujaribu kwa mmoja." Akalifunga. "Mwenyewe amekiri," akasema. "Kama mama alishindwa, mtoto ataweza?"

Nilisimama. Nikawaambia ushauri ule ulikuwa wangu, majani niliyachuma kwa mikono yangu, na marehemu alinisitiri. Shemeji alitazama chini. Binti alinisogezea daftari na kalamu. "Basi andika, mwandishi," akasema. "Atakayesoma asimlaumu mama."

Niliandika, nikaweka na jina langu. Mabirika hayakuvunjwa, na wiki hii binti ameniambia ana samaki mmoja kwenye beseni, anampimia dawa. Kosa lililoandikwa na mwenyewe humkinga anayekuja nyuma. Lililofichwa humngoja njiani. Mama yule alilijua hilo akiwa na daftari moja tu. Mimi nina safu nzima kila wiki, na nimelijifunza kando ya kaburi lake.