Tambara la Mdomoni
Hakugusa uso wa udongo kabla ya kulitia dole gumba kinywani, ndiyo maana ulimi wa mchongaji yule ulikuwa wa kijivu mwaka mzima. Sauti yake ilishakwaruzika kwa kufoka kutoka juu ya ngazi. Kila jioni Glafira, mfagiaji wa karakana ile ya Minsk, alikizungushia matambara yaliyolowa kichwa cha udongo cha askari wa mnara wa kumbukumbu ya vita, kikubwa kama tanuri la mikate, udongo usije ukakauka ukapasuka. Na kila jioni mchongaji alifoka vilevile: "Shangazi, mdomoni ongeza maji!" Asubuhi matambara yote yalikuwa bado yanatona, ila la mdomoni limekauka kau, tena lina uvuguvugu.

"Joto la jiko hilo," Glafira alisema, akijitia kucheka.

"Jiko lipi, Shangazi? Kuni zilikwisha wiki iliyopita."

Siku moja kabla ya kamati ya mnara kuja kukagua, mchongaji alimwuliza bila kugeuka, "Mwanao alikuwa akilala mdomo wazi, eh?" Glafira akaganda, ndoo mkononi. Zahar wake alipotelea vitani, hana kaburi, na pale karakanani hakuwahi kumtaja. Alifunika paji, macho na mashavu, akauacha mdomo bila tambara. Ukipasuka, kazi ya mwaka mzima imekwenda na maji. Mchongaji, ambaye angegomba kwa sikio moja tu kukauka, alitazama, kisha akavua kofia.

"Twende nje," alinong'ona. "Tusimwamshe."