Mpangaji Niliyemwingiza Kabla ya Ruhusa

Kishindo cha baiskeli kuanguka uani ndicho kilichonishtua. Nilichungulia dirishani, nikamwona Bwana Simkoko, karani wa chama cha mikopo kilichoshika nyumba yangu rehani, akikimbilia mahindini huku amejifunika uso kwa kofia. Mpangaji wangu, bibi mmoja niliyemsihi asitoke chumbani, alikuwa amesimama mlangoni na ungo wake wa ulezi.

Mkataba ulinikataza kupangisha bila ruhusa, na siku ile karani alikuja kukagua nyumba ili anipe ruhusa hiyo. Akili niliyoinoa kwa masomo ya juu Makerere ikahitimisha papo hapo kwamba amegundua, na nyumba itanadiwa.

Kesho yake nilikwenda posta ya Tunduma, nikampigia simu ofisini kwake Mlowo, nikakiri yote mbele ya foleni nzima: tarehe, kodi, hata kitanda nilichomwazima yule bibi.



“Mwalimu,” akasema karani, “yule ni mama mkwe wangu. Ulitaka nisimame nitazamane naye, kinyume cha mila? Mimi nilidhani amekuja kukusalimia tu. Kumbe umempangisha?”