Mtungi wa Shangazi Kwenye Sinema

Miaka ya hamsini nilikuwa msomaji wa sinema. Kazi hiyo siku hizi haipo, na huenda ni heri. Filamu za mafunzo zilikuja bila sauti. Shuka ikishatundikwa uwanjani, mimi nilikaa kando ya mashine na kipaza sauti, nikasoma kwa Kiswahili maneno yaliyoandikwa na watu wa ofisini: limeni hivi, ogeni vile. Tanga nzima iliijua sauti yangu, na mimi kichwa kikavimba.

Siku moja wapiga picha wa Kizungu walitafuta nyumba ya kupigia filamu ya usafi wa maji. Nikawapeleka mtaa wa Chumbageni kwa shangazi yangu, aliyenilea tangu mama alipofariki. Nilitaka naye aonekane. Alivaa kanga mpya, akausugua mtungi na kuufukiza ubani, akatia maji aliyoyachuja kwa kitambaa, akaufunika kwa kawa lake la ukili.

Bwana mkubwa wao aliniambia jambo, nami nikatafsiri: "Shangazi, wanaomba uondoe hilo kawa."

"Wanataka kunywa?"

"Wanataka picha tu."

Akaondoa. Mgeni hanyimwi maji, sembuse kuyatazama. Wakamwomba avae kanga kuukuu ya jikoni, akavaa huku akicheka. Kisha tukaenda mtaa wa Usagara kwa mke wa karani mmoja, naye akaambiwa aufunike mtungi wake. Hakuwa na cha kufunikia. Nikarudi mbio Chumbageni, nikaazima kawa la shangazi.

Filamu ilirudi kutoka Ulaya baada ya miezi mingi, na karatasi ya maneno nikapewa alasiri ya siku ya kuonyesha. Niliisoma, nikaona walivyomwandika shangazi. Ningeweza kusema nina homa. Ningeweza hata kuyabadili maneno, kwani Mzungu aliyesimamia maonyesho, Kiswahili chake kiliishia kwenye salamu. Lakini niliipenda kazi yangu, nami nilikuwa mwoga. Leo nasema hilo wazi, maana hakuna aliyebaki hai wa kunisitiri.

Baada ya isha uwanja ulijaa. Shangazi alikuwa ametandika mkeka mbele, upande wa wanawake, pamoja na majirani aliowaalika mwenyewe. Sura yake ikatokea kwenye shuka, majirani wakapiga vigelegele. Nami nikasoma, kwa sauti ile ile niliyosifiwa: "Mwanamke huyu ni mvivu. Hafuniki maji yake, na watoto wake wanaugua."

Vigelegele vikakatika, upande wa wanaume wakaangua kicheko. Shangazi hakuwa na mtoto ila mimi, na maji yale hayakuniumiza tumbo hata siku moja. Harufu ya ubani haionekani kwenye sinema.

Kesho yake nilikwenda kwake.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Kaa."

Akanimiminia chai. Hakunilaumu, na hilo ndilo lililoniuma. Nikaanza kujitetea bila kuulizwa: filamu zile ni za wageni, wanatupiga picha wanavyotaka wao, siku itafika nchi itakuwa yetu, tutapiga picha zetu wenyewe na kusema wenyewe tulivyo.

Alinisikiliza hadi mwisho.

"Inshallah," akasema. "Na maneno yake utayasoma wewe?"