Hesabu ya Mzee Magoti

Nina hasira na Mzee Magoti, na nalisema hili mapema ili mbele ya safari mtu asinishangae. Nampenda kama baba yangu mzazi. Lakini hasira ninayo.

Jina hilo tulimbandika sisi makuli wa ghala la saruji na vigae. Yeye alikuwa mnyapara wetu, mtu mfupi mwenye kifua kama pipa, na kutwa alikuwa akizunguka katikati ya marundo ya mifuko akipiga kelele: "Magoti! Kunja magoti! Huo mgongo si winchi!" Ukiinamia mfuko wa kilo hamsini kwa kiuno, alikuja akaweka kiatu chake juu ya mfuko, na hautoki hapo mpaka umechuchumaa, umeukumbatia kifuani na kuinuka kwa nguvu ya mapaja. Ukitaka kugeuka, geuza miguu, kiuno kiache. Mimi kwa urefu wangu naitwa Ngazi, na kiatu kile nakijua mpaka soli yake.

Kabla ya geti kufunguliwa tulikuwa na robo saa ya mazoezi. Tulizungusha mabega, tukachuchumaa na kuinuka mara ishirini, kisha tukalala chali juu ya maboksi yaliyokunjuliwa na kunyanyua viuno, watu wazima na ndevu zetu. Madereva wa malori walijazana getini kutucheka.

"Leo mna mechi na nani?"

"Na uzee wako, kijana," Mzee aliwajibu bila kugeuka. "Na tunaongoza."

Wacha wacheke. Kabla yake haikupita miezi mitatu bila mwenzetu kupelekwa nyumbani amekunjika. Chini yake tulimaliza miaka sita, migongo yote mizima.

Alikuwa na sheria mbili ambazo hakuzifanyia mchezo. Ya kwanza, mzigo ukikuzidi piga kelele "Mkono!" Ukilisikia neno hilo huulizi kuna nini, husemi subiri kidogo. Unaweka chini ulichobeba, unakimbia. Ya pili, mkinyanyua zaidi ya mtu mmoja, mmoja anahesabu, na asinyanyue mtu kabla ya tatu. Siku moja alisema moja, akasema mbili, akashikwa na chafya. Tulibaki tumechuchumaa tumeshika kreti la vigae, mapaja yanatetemeka, tukimsubiri amalize kupenga kamasi aseme tatu. Tulicheka wiki nzima.

Mkewe alikuwa fundi cherehani, na ulimi wake ulikuwa mkali kuliko mkasi wake. "Huko ghalani ni jenerali," alikuwa akituambia tukienda kuwasalimia, "hapa hata uzi hawezi kuutunga kwenye sindano." Kiharusi kilimchukulia upande wote wa kulia pamoja na maneno yake. Yalimbakia manne, labda matano.

Dada yake alikuja kutoka mbali, safari ya siku moja na nusu kwa basi. "Shemeji, niache niondoke naye. Kwangu tuko wanawake wanne."

"Mikono ninayo," Mzee alijibu. "Mke wangu atakaa nyumbani kwake."

"Sawa. Lakini siku ukishindwa, nakuja kumchukua."

Nyumba zetu zimetenganishwa na ukuta mmoja, tena ukuta wenyewe jina tu. Basi kila asubuhi nilikuwa nikiwasikia. Mzee alimfunga mkewe mkanda mpana kiunoni, akamkalisha ukingoni mwa kitanda, akaikinga miguu yake kwa miguu yake mwenyewe. "Moja," alisema. "Mbili." Na Mama, ndivyo tulivyomwita mkewe, kwa mdomo wake uliopinda, ndiye aliyemalizia: "Tatu!" Lilikuwa mojawapo ya yale maneno yake machache. Kisha nilisikia wakicheka. Sijui walicheka nini, nami sikuwahi kuuliza.

Mwaka na miezi minne ilikwenda hivyo.

Ikafika Jumapili moja. Nilikuwa nimekaa sebuleni nasikiliza mpira redioni. Nikasikia kishindo upande wa pili. Nikapunguza sauti, nikatega sikio. Nilikuwa nasubiri neno moja tu, "Mkono!" Halikuja. Nikajiambia labda ni ndoo imeanguka, nikaongeza sauti ya redio. Hilo nalo ninalo moyoni na sijui nitalipeleka wapi.

Kilichofuata kilikuwa ukelele wa mwanamume. Haukuwa na neno ndani yake.

Mwenyewe alinisimulia baadaye. Mama aliteleza kutoka kwenye kigoda cha kuogea. Sakafu ilikuwa majimaji, mwili umejaa sabuni, mkanda hakuwa nao. Mzee naye ilikuwa siku ya mapumziko, ametoka kitandani muda si mrefu, hajanyoosha hata kidole. Akamwinamia kwa kiuno, akamnyanyua peke yake, na akiwa naye mikononi akajipinda kuifikia taulo mlangoni. Kila alichotukataza kwa miaka sita alikifanya kwa mkupuo mmoja.

"Kwa nini hukuniita, Mzee?" nilimuuliza. "Mimi si niko hapa hapa?"

"Neno lilikuwa mdomoni, Ngazi. Lakini mke wangu hakuwa na nguo."

"Ningefumba macho! Ningeingia nimefumba macho, Mzee!"

"Najua," alisema.

Nilitoka nje nikalipiga teke debe lake la maua lililokuwa mlangoni, likapasuka, na sijamwomba radhi mpaka leo.

Daktari alimweleza kwamba ule mto ulio kati ya pingili za uti wa mgongo umepasuka na unaukandamiza mshipa wa fahamu. Asinyanyue tena kitu kizito kuliko birika la chai. Wakamlaza juu ya mbao, chumba kimoja na mkewe, kitanda huku na kitanda kule. Mke wangu na majirani wengine walipokezana kuwahudumia wote wawili, lakini kila mmoja ana kwake. Wiki ya tatu yule dada akaja. Hakumsuta hata kwa jicho. Alikunja nguo za Mama taratibu, akazitia kwenye begi.

Tulikuja makuli wanne kumtoa Mama mpaka kwenye gari. Hakuna aliyetuagiza, lakini tulipofika uani tulisimama tukazungusha mabega, tukachuchumaa na kuinuka. Dirisha lilikuwa wazi, na Mzee alituona.

Tukaingia. Tukapitisha shuka chini ya Mama, wawili upande huu na wawili ule, tukakunja magoti, tukashika pindo.

"Nani anahesabu?" mmoja wetu aliuliza.

Tulitazamana. Hakuna aliyetaka.

"Mimi," Mzee alisema kutoka kwenye mbao yake. Akatukagua migongo mmoja mmoja. "Ngazi, shuka zaidi. Haya. Moja."

Tukakaza mikono.

"Mbili."

Hapo akanyamaza. Tukasubiri. Mapaja yakaanza kuwaka, jasho likanidondoka kwenye shuka. Safari hii haikuwa chafya. Machozi yalikuwa yanamshukia masikioni, mdomo uko wazi, na kabla ya tatu hakuna anayenyanyua. Maadamu hajaitamka, Mama alikuwa bado yuko nyumbani kwake. Tungekaa pale hadi jioni, nawaapia. Yule dada aliupa chumba mgongo.

Mama akageuza kichwa kwa ule upande wake mzima, akamtazama mumewe.

"Tatu," alisema.

Tukanyanyua. Migongo ilikuwa imenyooka, na mlangoni tuligeuza miguu, kiuno tukakiacha. Hakuna hata mmoja wetu aliyeumia.