Rawinia na Saini ya Babu Hamuera

Rawinia ni mtoto wa binamu yangu, marehemu Mereana. Alikulia mjini Hamilton, na kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa kuwaogesha na kuwalisha wazee katika nyumba ya kutunzia wazee. Alipopita miaka thelathini na tano akasema anataka kusomea ukunga. Chuo kikamkubali. Ada ndiyo ikawa mlima.

Alitafuta ruzuku kwenye kompyuta ya maktaba, akitoka kazini. Nyingi zilitaka vijana waliomaliza shule mwaka uleule, nyingine zilitaka wanamichezo. Mwishowe akaipata moja ya kumfaa, nayo ilikuwa ya kwetu wenyewe: mfuko wa ukoo, wa kusomesha watoto wa ukoo. Akaandika yote yaliyotakiwa, na majina ya babu zake akayapanga mpaka mbali. Ikabaki saini moja tu, mzee wa marae yetu, yaani uwanja wa ukoo wenye nyumba ya mikutano, athibitishe kwamba huyu ni wa hapa. Maombi yalikuwa yafungwe Ijumaa saa kumi na moja jioni. Bila ruzuku ile, nafasi yake chuoni ingepewa mwingine.

Jumatano akapanda basi. Kufika langoni akakuta wanawake wamevaa nyeusi, na majani mabichi kichwani, kama tuvaavyo msibani. Maiti wa Mzee Rapata, mmoja wa wazee wetu, alikuwa ameletwa asubuhi hiyo, amelazwa katika nyumba kubwa, na Babu Hamuera, ambaye ndiye mwenye kutia saini, yuko kwenye benchi ya mbele anapokea wageni kwa hotuba. Kwetu mtu akishakaa benchi ile, humwendei na shida zako mpaka maiti azikwe na wageni wamalize kula.

Rawinia akazunguka nyuma, akaingia jikoni. Mkuu wa jiko ni Shangazi Kararaina.

"Wewe wa nani?"

"Wa Mereana, Shangazi."

"Mereana wa kule mtoni? Ee, basi mikono unayo. Kisu hicho, viazi hivyo." Akamtazama tena. "Lakini hukuja na karatasi? Maana siku hizi tuna jamaa huwaoni mpaka watake saini. Ndugu wa fomu!"

Jiko zima likacheka. Rawinia naye akacheka, huku akiusukuma mkoba wake chini ya meza kwa mguu.

Akamenya viazi. Kesho yake akasugua masufuria. Aliyekaa naye kwenye viazi ni Pare, mwanamke mnene, mcheshi, anayeimba tenzi akifanya kazi, na sauti yake naipenda hata akikosea maneno. Waliongea habari za uzazi, za waume, za magoti yanayouma. Neno la ruzuku halikumtoka Rawinia.

Ijumaa tukazika. Chakula kikapakuliwa: nguruwe na viazi vitamu vilivyookwa shimoni, kome, mikate ya kukaanga. Nikatoka kumwaga maji, nikamkuta Rawinia ukutani anatazama saa na machozi yanamtoka.

"Unamlilia Mzee Rapata?"

"Nisamehe, Mama Mdogo. Sikumjua vizuri."

Akanieleza. Nikamuuliza, "Sasa mbona hukusema?"

"Ningesemaje? Maiti yuko ndani, mimi nanyoosha karatasi? Si ningekuwa ndugu wa fomu kwelikweli!"

Nikamwombea kimoyomoyo, kisha nikaenda kumwambia Shangazi Kararaina. Hakucheka. Akamshika Rawinia mkono.

Wageni wakishakula, sisi wa jikoni hutoka na aproni zetu kuwaimbia, na wazee huja kutushukuru. Wimbo ulipokwisha, Shangazi akamsukuma mbele. "Babu, huyu ana jambo, na amelifunga mdomoni tangu Jumatano."

Babu Hamuera akaisoma karatasi taratibu, akaiweka juu ya sinia, akatia saini. "Mereana alikuwa hivyohivyo," akasema. "Anaumwa jino, anakwambia hajambo."

Saa kumi ilikuwa imeshapita, na ofisi ya mfuko iko mwendo wa saa mbili kwa gari. Rawinia akaanza kuvua aproni.

"Unakimbilia wapi?" Pare akamuuliza. "Ofisi imefungwa kwa msiba. Anayepokea fomu ni mimi. Bosi wangu ni yule anayefuta meza. Tarehe tumeisogeza mpaka Jumatano, tangazo liko mlangoni."

"Dada Pare! Siku zote hizi unamenya viazi na mimi!"

"Na wewe si unamenya na mimi? Ningejuaje, mwenzangu, nawe umekalia mkoba kama kuku!"

Akakausha mikono, akaipokea fomu.

Kamati ya mfuko ilimpa ruzuku. Ada ya mwaka wa kwanza ikalipwa yote, vitabu akanunua mwenyewe. Sasa yuko mwaka wa pili, na kukiwa na msiba huja, mkoba anauacha juu ya meza. Shangazi Kararaina bado humwita Ndugu wa Fomu. Naye huitika.