Adila na Meza za Mbegani

Adila alipochagua kusomea aloi za chuma na kromi, baadhi ya majirani zake wa Bagamoyo walidhani amekwenda kujifunza kuchomelea mageti, kama mjomba wake aliyemlea, fundi Mwinshehe. Sisi tuliosoma naye tunajua kwamba siku zake hupita maabara, akimulika vipande vya metali kwa eksirei. Kila elementi ikimulikwa hurudisha miale yake yenyewe, na kompyuta huichora kama vilima kwenye grafu. Adila huvisoma vilima hivyo kama wengine tunavyosoma saa.

Mwaka jana mjomba alimpa kazi. Alikuwa amewaundia kina mama wa kikundi cha samaki cha Mbegani meza za stenlesi, nazo zikaanza kutoka madoa ya kutu. Mwinshehe alimlaumu muuzaji wa mabati wa Dar es Salaam, akisema amemuuzia stenlesi bandia, na habari hiyo akaieneza kwa mafundi wenzake.

"Kapime, mwanangu," alisema. "Kisha uje uwasomee kina mama, wamjue mwizi."

Adila alikata kipande chenye doa, akakipeleka chuoni. Kinachoikinga stenlesi na kutu ni kromi, na ndani ya kipande ilikuwamo asilimia kumi na nane, kama ipasavyo. Bati lilikuwa halisi. Alipomulika penye doa, akakuta chembe za chuma cha kawaida zimejibandika juu. Hapo akaikumbuka brashi ya waya ya mjomba. Husugulia nayo mageti, na ndiyo aliyosugulia meza. Uvunguni, ambako brashi haikupita, meza zilikuwa bado zinang'aa.

Akinyamaza, muuzaji asiye na kosa ataendelea kuitwa mwizi. Akisema, jina la mjomba litaanguka mbele ya wateja wake. Alijaribu kumweleza nyumbani kwanza.

"Shikamoo, mjomba. Majibu yametoka."

"Marahaba. Usinitangulizie. Nitayasikia pamoja nao, wasije wakasema tumepanga."

Kina mama walipokusanyika Mbegani, mwenyekiti wa kikundi, Bi Zaina, alianza kwa kumchokoza fundi. "Mwinshehe, hujamlisha mtoto maneno?"

"Maneno ni ya mashine, Bi Zaina. Mimi sina mdomo hapo."

Adila akasimama, akaeleza yote mpaka brashi. Hakuruka kitu. Kina mama wakageuka kumtazama fundi.

"Kumbe mwizi tumekuja naye," alisema Bi Zaina, "tena kapiga kanzu."

Wakacheka. Mwinshehe hakucheka. Alimgeukia mpwa wake.

"Una hakika?"

"Nimerudia kupima, mjomba. Ni brashi."

"Dawa yake?"

"Tuzioshe kwa asidi ya sitriki, ile iliyomo kwenye ndimu, chembe zitoke. Na stenlesi iwe na brashi yake peke yake."

Mwinshehe akatoa simu, akampigia muuzaji palepale, kina mama wakisikiliza.

"Bati lako zima, ndugu yangu. Kosa ni brashi yangu, uniwie radhi. Nilikokuchafua nitakusafisha mwenyewe." Akasikiliza swali la muuzaji, kisha sauti yake ikapanda, kila mtu akaisikia. "Nani kalipima? Mpwa wangu, Adila. Ndiyo, binti. Nimemlea mimi."