Ndoo Nyekundu Niliyoivalisha Liputa

Kama uko Kalemie na umekutana na mama anayetembea na alama za mikono miwili myeupe kwenye matako, tafadhali usicheke, na zaidi usiulize nani alimufanyia vile, kwa sababu ni mimi. Nimeona afadhali niseme mwenyewe, maana kila anayesimulia huu mukasa anaongeza chumvi yake (jirani yetu Trezori anasema hata mbuzi mumoja aligeuka rangi, uongo mutupu, mbuzi hakuwepo).

Ninaitwa Dorika, niko mu ya tano sekondari, na shuleni ninajulikana kwa kazi moja tu, kuigiza watu. Ninatembea kama prefe, mukubwa wa shule, ninakohoa kama padri, ninaombea chakula kama shangazi yangu mpaka bukari inapoa. Papa yangu, muntu wa reli, ambaye hucheka siku treni inapofika kwa saa yake (njo kusema hacheki), anasema siwezi kuongoza hata kuku kuingia bandani.

Mama yangu anakausha samaki pale kwenye hangari ya kando ya ziwa, pamoja na bamama wengine kama ishirini hivi. Mikebuka unaokula nyumbani kwako, wa rangi nzuri ya dhahabu, rangi ile imetoka kwenye moshi, na moshi ule ule njo umefanya macho ya mama yawe mekundu kila jioni kama ya muntu aliyefiwa. Basi wakati wa vakansi kubwa, biro ya afya ikamutuma Papa Anselemi, fundi wa usafi, awape formasio ya siku tano: namna ya kujikinga na moshi, visu, mafuta ya moto, maji machafu, na zaidi ya yote namna ya kuchagua muntu mumoja awe musimamizi wa afya pale kazini. Musimamizi anavaa jile ya kijani, kizibao kisicho na mikono, anatunza kaye ya kuandikia ajali, na kukitokea tatizo njo anayekwenda biro kusema. Bamama wakataka muntu anayeandika haraka, mama akasema, "Wangu anaandika, tatizo ni mudomo wake." Nikaingia formasio, nikisomea usimamizi.

Sasa hapa nitasema jambo ambalo rafiki zangu hawataamini: niliipenda ile formasio. Siku ya pili nilikuwa tayari ninajua kwa nini furu ya kukaushia samaki inatakiwa kuwa na tundu la juu la kutolea moshi, siku ya tatu nikamugombeza mama yangu mwenyewe juu ya glavu, siku ya ine nikaota jile. Kwa mara ya kwanza nilitaka watu waniangalie bila kucheka.

Papa Anselemi alikuwa na mambo mawili anayorudia mpaka unataka kulia. La kwanza, ndoo: "Buluu, mikono! Nyekundu, sakafu na viatu!" Maji ya ndoo zote mbili yana klori, lakini ile ya nyekundu ni kali, haiguswi. La pili, ajali: "Simamisha! Sema! Andika!" Na kila mara alisema huku amenyanyua kidole na kukunja magoti kidogo, kama muntu anayetaka kuruka mufereji.

Siku ya tano, siku ya kufunga, Munganga Mukubwa wa biro ya afya mwenyewe alikuwa anakuja. Bamama walikuwa wameshona maputa, vitenge vya namna moja, ya zambarau yenye ndege wa njano, maana kwetu sherehe bila liputa la pamoja si sherehe, ni mukutano tu. Kazi yangu ilikuwa ndogo: maji ya kunawa mulangoni.

Nikaangalia ndoo ya buluu. Jamani. Robine yake ya kutolea maji ilifungwa na mupira wa baiskeli, inadondosha kama pua ya mutoto, na mufuniko wake una alama ya moto. Nyekundu pembeni yake, mupya, inang'aa. Nikajiambia, Dorika, Munganga Mukubwa atoke biro yake mpaka hapa, anawe kwenye kitu kile? Nikaamua nitamwaga maji makali ya nyekundu, niioshe vizuri, niweke maji ya mikono, halafu niivalishe kipande cha liputa kilichobaki kwa fundi wa kushona, hakuna atakayejua rangi yake. Uamuzi mudogo, mupendwa musomaji. Mudogo kama kiroboto.

Nikaanza na kazi tamu, kuivalisha, na nilikuwa ninaishika niimwage, njo wasichana wawili wa bamama wakasema, "Doka, hebu fanya Papa Anselemi kabla hajaja." Mimi nikatae? Nikavaa kofia yake aliyoisahau kwenye kiti jana, nikanyanyua kidole, nikakunja magoti, "Buluu, mikono! Nyekundu, sakafu na viatu!" Wakaanguka chini kwa kicheko, nikarudia, nikaongeza na kikohozi chake, na katikati ya kikohozi gari likapiga honi inje.

Nikakimbia. Ndoo ilikuwa imevaa, imependeza, imejaa. Imejaa! Kichwa changu kikasema, imejaa, basi iko tayari. Nikaibeba mulangoni.

Nikasimama pale kama bibi harusi. "Karibuni, munawe mikono, halafu muiache ikauke kwa hewa, musiipanguse." Munganga Mukubwa akanawa, akatikisa kichwa kwa kufurahi. Bamama wakanawa mumoja mumoja, "Ndiyo, musimamizi," "Asante, musimamizi," na mimi kifua juu. Halafu kila mumoja akiisha kunipita anafanya kile ambacho mama zetu wote wanafanya tangu wazaliwe: mikono miwili nyuma, paa, kwenye liputa.

Hotuba zikaanza. Mama Rejina, mukubwa wa hangari, mwanamuke ambaye hata mawimbi yanamupisha, akasimama kushukuru, akageukia wageni, na sisi tuliokuwa nyuma tukaona. Mikono miwili. Imefunguka vidole vyote, myeupe kama imechapwa na mashini, upande wa kulia na upande wa kushoto. Nikadhani ni unga, nikauma midomo nisicheke. Halafu mama wa pembeni yake akasimama kupiga vigelegele: mikono miwili. Halafu mama yangu. Halafu Munganga Mukubwa akainama kuokota karatasi, suruali ya buluu nzito, na pale pale, miwili, mikubwa, ya kiume.

Njo harufu ya klori ikanifikia puani.

Wakati ule Mama Rejina alikuwa ameguswa begani na jirani yake, akajiangalia nyuma, akapiga kelele: "Yo! Mama Zaina! Umetuuzia liputa la bandia!" Mama Zaina, mwuza maputa, alikuwa amekuja kama mugeni, amekaa mustari wa mbele, akasimama mudomo wazi. "Mimi? Liputa langu? Rejina, Mungu anakuona!" Wakaanza. Na mimi nikaona jile ya kijani juu ya meza, imekunjwa vizuri, na nikaona njia imefunguka mbele yangu: nyamaza, Dorika. Kosa ni la kitambaa. Hakuna anayejua.

Ila mama yangu alikuwa anajikuna kiganja.

"Simamisheni!" Nilisikia sauti yangu kabla sijaamua. "Bamama, si kitambaa, ni maji! Mukajisafishe mikono, wote, kwa maji mengi, sasa hivi!"

Unajua walifanya nini? Walicheka. Mama Rejina akasema, "Dorika, hata leo?" Mumoja akasema, "Anamuigiza Papa Anselemi, muangalie, hata kidole!" (Kweli kidole kilikuwa juu. Na magoti, samahani, yalikuwa yamekunjwa.) Sijawahi kuchukia kuchekesha namna ile. Nikaenda mulangoni, nikashika kile kipande cha liputa, nikakivua.

Nyekundu.

Bamama ishirini, wageni na Munganga Mukubwa wakakimbilia mapipa ya maji safi, na mimi nikichota, ninamwaga juu ya mikono, ninachota, ninamwaga, machozi na kamasi vinashuka na sina mukono wa kuvipangusa. Hakuna aliyeumia, viganja viliwasha tu kidogo. Maputa njo yaliyokufa.

Papa Anselemi akaniletea kaye ya ajali. Tangu siku ya kwanza haikuwa na neno hata moja, kwa sababu watu wanaficha ajali kama wanavyoficha mimba. "Sema," akaniambia. Nikasema yote, na ndoo, na robine, na kofia yake. "Na kikohozi?" akauliza. Nikasema na kikohozi. "Andika." Nikaandika.

Munganga Mukubwa akasoma, akajiangalia nyuma, akasema, "Huyu mutoto alituambia tusipanguse. Mimi nimesoma miaka mingi na nimepangusa." Watu wakacheka kidogo. Halafu Papa Anselemi akageuka kwenda kuchukua jile, na hangari nzima ikaona mugongo wa suruali yake. Miwili. Naye! Kicheko kilichotoka pale nadhani hata kule Mpala walikisikia.

Lakini jile hakunipa. Aliikunja, akaiweka kwenye sakoshi yake. "Juma moja. Kila asubuhi unatayarisha ndoo, mimi ninakuja kuchunguza." Nilikwenda siku zote, kabla ya furu kuwashwa, nikafunga robine mupya kwenye ile ya buluu, na siku ya mwisho Mama Rejina mwenyewe njo alinivalisha jile, akaivuta kwa nguvu kama ananipiga. "Wengine wangenyamaza," akasema. "Wewe mudomo wako una faida." Papa yangu aliposikia akasema, "Hm." Kwa Papa, ile ni hotuba.

Basi nimeapa: sitaivalisha ndoo nguo tena hata kama anakuja Papa wa Roma, na sitamuigiza muntu nikiwa kazini. (Baada ya kazi ni mambo mengine.)

Mama Zaina alitaka awabadilishie bamama vitambaa, wakakataa. Wanavaa yale yale. Jumapili iliyopita, inje ya kanisa, mama mumoja mugeni alimufuata mama yangu nyuma hatua nyingi, akaangalia, akauliza: "Samahani, mama, hili liputa la mikono linapatikana wapi?"

Mama akageuka polepole ili alione vizuri. "Haliuzwi," akasema. "Mutoto wangu njo alichora."